Koti la Abiria wa Nyuma

Msambweni,
Jumamosi, 10 Mei 2025

Mpwangu Twaiba,

Assalamu alaikum. Nakujulia hali, ingawa jibu lako nalijua tayari, maana kwenye simu husema "sijambo Mjomba" kabla sijamaliza kuuliza. Ndiyo sababu nimerudi kwenye karatasi. Mtu akiandika hulazimika kukaa kitako, na akishakaa kitako husema mawili matatu. Barua hii inakuja kwa basi la vifurushi, nawe nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Huku tu wazima. Masika yameshuka kwa nguvu. Barabara ya Jego imekatika mahali pawili, na binamu yako Garama alilala Lunga Lunga siku mbili akingoja maji yapungue. Mamako hajambo, bado anauza mihogo ya kukaanga penye lango la shule, na kila mteja lazima asikie kwamba binti yake ni mwalimu wa Hisabati bara.

Sasa niingie kwenye jambo. Kabla hujaondoka nilimwahidi mamako, nawe ukisikia, kwamba maumivu yakikushika huko hata mara moja nitapanda basi kuja kukuchukua. Naliandika tena ili isije ikasemwa nilificha. Tangu una miaka mitatu, daktari alipotueleza habari ya ugonjwa wa seli mundu, tulijua vitu viwili vinavyokuamshia maumivu: kiu na baridi. Kiu tuliiweza. Baridi hatukupata kuijua, maana hapa Msambweni mtu akisema anasikia baridi tunampima malaria. Na sasa umepelekwa kusomesha Nyandarua.

Mimi ndiye niliyetaka upange chumba karibu na hospitali badala ya karibu na shule. Kwa hiyo safari ya bodaboda ya kila asubuhi nimekuletea mimi, na ni juu yangu kuitafutia dawa. Wageni wa hotelini kwetu, hasa Wajerumani wanaopanda pikipiki kwao, wameniambia kuna nguo zenye nyaya ndani zinazopasha mwili joto. Nimekusudia kukuchagulia. Lakini unanijua, miaka ishirini na miwili ya kutunza stoo, siagizi kitu bila vipimo. Niandikie ni kilomita ngapi, mnatumia dakika ngapi, mnatoka saa ngapi, dereva ni mtu wa namna gani, na baridi huanza kukushika wapi mwilini. Usiniandikie "ni baridi tu."

Nakuombea afya.

Mjomba wako,
Mbwana Chirau


Kirima,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimeipata barua leo. Ofisi ya vifurushi iko Naivasha, nami hufika huko Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa hiyo ukiona kimya usianze kufunga mkoba.

Nimecheka kwa habari ya Garama. Huku pia kuna matope, lakini ni meusi na yanavuta kiatu kama yanakidai. Wanafunzi wangu ni wazuri. Wananiita Madam wa Mombasa. Nimewaambia Kwale mara kumi, wakaniuliza Kwale iko upande gani wa Mombasa. Chumba tumepanga wawili, mimi na Judy, mwalimu wa Kiingereza. Ni mtu wa hapa hapa na hulala na soksi tatu.

Vipimo vyako: kilomita kumi na moja, dakika ishirini na tano pakiwa pakavu. Tunatoka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Dereva ni Samuel, mzee wa kanisa, ana watoto wanne, haendi kasi. Pikipiki yake ina taa moja na anaipenda kuliko pikipiki yenyewe. Asubuhi nyasi huwa nyeupe. Siku ya kwanza nilidhani mtu amemwaga chokaa. Nikamwambia Samuel, "Leo baridi imezidi." Akanijibu, "Madam, hii si baridi. Ngoja July." Tangu siku hiyo naiogopa Julai kama mtihani.

Nilichovaa kwa sasa ni sweta mbili chini ya baibui, na shuka la Judy juu. Nikishuka shuleni huwa nafanana na mzigo wa mitumba.

Habari ya ahadi yako kwa Mama nimeisoma. Nakuomba kitu kimoja, Mjomba: usimwandikie mwalimu mkuu. Hapa hakuna anayejua nina nini. Muda wangu wa majaribio unakwisha mwisho wa Oktoba. Nikithibitishwa, nitakuwa mwalimu kama walimu wengine. Nikionekana mgonjwa kabla ya hapo, nitakuwa yule msichana wa pwani aliyeshindwa. Nilisoma kwa tabu, nawe unajua vitanda vingapi vya hospitali nilifanyia kazi za nyumbani.

Mbusu Mama.

Twaiba


Msambweni,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpwangu Twaiba,

Salamu nyingi, na Idd njema. Tulichinja beberu mmoja. Mamako aliweka fungu lako kwa kusahau, kisha akakumbuka, akampa jirani.

Hukunijibu baridi hukushika wapi mwilini. Nimeliacha.

Issa, yule auzaye spea za pikipiki Ukunda, ameniletea koti kutoka Mombasa. Ni jeusi, zito, linakinga upepo, na ndani lina nyaya kifuani, mgongoni na mikononi. Waya wake mrefu huchomekwa kwenye betri ya pikipiki chini ya kiti. Nimelijaribu mwenyewe kabla ya kulituma. Nanakili kutoka shajarani:

"Jumapili, 1 Juni. Saa nane mchana. Ukunda hadi Mwabungo. Issa mbele, mimi nyuma, koti limefungwa hadi kidevuni."

Yaliyobaki nakusimulia. Pale stendi watu waliacha kazi zao. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, unakwenda Ulaya kwa bodaboda?" Mwingine akamjibu, "Muache, ana homa." Dakika ya saba jasho liliniingia machoni. Dakika ya kumi na mbili nikampiga Issa begani.

"Zima!"

"Linafanya kazi, Mzee Mbwana?"

"Linafanya. Zima, nisije nikaiva."

Issa alicheka mpaka akasimamisha pikipiki. Lakini koti limefaulu, nami nimeandika hivyo: limefaulu. Livae juu ya sweta, lisigusane na ngozi. Mwombe Samuel akuchomekee waya kabla hamjaondoka, na ukumbuke kuchomoa kabla ya kushuka, usije ukaivuta pikipiki hadi darasani.

Niandikie mara tu ulivaapo. Niandikie kweli.

Mjomba wako,
Mbwana


Kirima,
Jumamosi, 12 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani ya katikati ya muhula, na kusahihisha, na tena mwalimu mmoja alikwenda likizo nikashika madarasa yake.

Koti limefika na linafanya kazi vizuri sana. Samuel analisifu kila siku. Judy amejifunza kupika wali wa nazi, ingawa nazi yenyewe ni ya pakiti na yeye hutia na viazi.

Mguu wa kulia umekaza kidogo, ni hizi njia za matope. Mama mwambie nakula. Likizo inaanza tarehe 1 Agosti lakini sidhani nitakuja. Kuna masomo ya ziada na safari ni ndefu.

Wasalimie wote.

Twaiba


Msambweni,
Jumapili, 20 Julai 2025

Twaiba,

Marahaba. Nyumbani hawajambo. Kaskazi ya mwaka jana iling'oa makuti ya jikoni na hatimaye yameezekwa. Fauzia, mtoto wa jirani, ameposwa Taru. Ni mbali, lakini mamake anasema si mbali kama Nyandarua.

Barua yako ina mistari kumi na mitano. Kumi ni ya wino wa buluu, mitano ni ya wino mweusi, na ile ya buluu imelala, kama ya mtu anayeandika akiwa amelala. Sisemi kitu. Naandika nilichoona.

Unasema Samuel analisifu koti. Samuel ajuaje?

Nilitembea na swali hilo siku mbili. Nilikosea stoo, nikatoa mafuta ya kupikia palipoombwa sabuni, jambo ambalo halijanipata tangu niajiriwe. Mwishowe nikajiambia huenda nilikosea jaribio. Nani hupima nguo ya baridi Ukunda saa nane mchana? Issa angeniambia, lakini Issa naye hajui baridi. Nikamrudia nikamwambia aniletee aina nyingine. Safari hii ni kizibao, chepesi, cha kuvaliwa ndani. Hakina waya wa kufunga mtu na pikipiki; kina betri yake mfukoni, ndogo, ya kuchajiwa kama simu. Kina joto la ngazi tatu. Kwa abiria nadhani hiki ndicho, maana abiria hupanda na kushuka, na chombo si chake.

Nimekijaribu hotelini, ndani ya chumba cha baridi tunamohifadhi nyama na samaki. Nyuzi nne. Niliketi juu ya kreti la soda, nimelipanda kama kiti cha pikipiki, feni ya kusimama ikinipiga usoni. Salimu, mpishi, alifungua mlango kuchukua pweza, akanikuta.

"Subhanallah! Mzee Mbwana, tukuandike wapi kwenye menyu? Kwa nyama au kwa samaki?"

"Niandike kwa vilivyopitwa na wakati. Funga mlango, baridi inatoka."

"Wewe ndiye wa kwanza kuililia baridi pwani hii."

Dakika ishirini na tano kamili, kama safari yako. Kifua kilikuwa na joto, mgongo una joto. Vidole viliuma, kwa hiyo nimetia na glavu. Nilipotoka nilijua nimepata.

Jambo moja limebaki. Kwa nini mguu wa kulia? Matope huwa kwa miguu yote miwili.

Sijakata tiketi. Lakini nimekwenda Likoni nikauliza basi linaondoka saa ngapi.

Mjomba wako,
Mbwana


Kirima,
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mjomba, shikamoo.

Hujambo? Mama hajambo? Mpe Fauzia hongera. Mwambie Taru haina baridi, aende.

Nimeketi kuandika barua hii mara nne. Judy amenitania kwamba nikiwa na mchumba nimtaje tu. Nikamwambia ni mjomba wangu. Akasema, "Hata mama yangu siwezi kumwandikia hivyo." Nikamwambia kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, baba huja nyuma. Akashangaa sana.

Naanza na koti. Siku ya kwanza Samuel alichomeka waya, tukaondoka, na baada ya mita mia mbili taa ya mbele ikafifia ikawa kama njiti. Kulikuwa na ukungu. Akasimama. "Madam, ukiwasha hiyo koti, taa yangu inalala. Tuchague. Uone joto ama tuone barabara." Tulichagua barabara. Koti sasa huvaa yeye, na huliwasha mchana akirudi sokoni peke yake. Kwa hiyo sikukudanganya: linafanya kazi vizuri sana, na Samuel analisifu kila siku. Anakuita "yule mzee wa Mombasa," anakuombea kanisani.

Kizibao ni kizuri. Kifua changu kina joto kuliko kifua chochote kaunti hii. Lakini, Mjomba, kifua hakikuwa na shida. Kifua kimekingwa na mgongo wa Samuel.

Uliniuliza kilomita, dakika, saa, tabia ya dereva. Hukuniuliza ninakaaje.

Ninakaa upande. Nimekaa upande tangu siku ya kwanza, miguu yote miwili ikining'inia kushoto kwa pikipiki, kama ulivyosema mtoto wa kike wa nyumba yetu akae. Miguu inatokeza nje ya Samuel, na upepo wote wa kilomita kumi na moja unaupiga ule ulio mbele, yaani wa kulia. Goti kwanza, halafu paja, halafu nyonga. Nikishuka huwa siwezi kuukunja. Huwa nasimama getini nikijidai natafuta kalamu kwenye mkoba, mpaka urudi.

Hakuna mwanamke wa hapa anayekaa hivi. Samuel alinisihi mwezi wa Mei: "Madam, ukikaa upande hii barabara itakumwaga." Nikamwambia ni desturi. Akaheshimu.

Mengine, ya wino wa buluu na wino mweusi, usiniulize. Nikikujibu utakata tiketi.

Twaiba


Msambweni,
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Twaiba mwanangu,

Marahaba. Sote tu hai. Leo niruhusu nizifupishe habari za nyumbani.

Barua yako niliipata Alhamisi. Ijumaa sikuwa na zamu ya asubuhi, nikaenda njia panda, nikakaa kwenye kibaraza cha duka la saruji tangu saa moja hadi saa tatu, na kalamu. Wanawake arobaini na mmoja walipita nyuma ya bodaboda. Thelathini na sita walikaa upande. Nimepita pale maisha yangu yote. Hata siku moja sikujiuliza upepo unawapiga wapi.

Kutoka hapo nikaenda kazini, nikaingia tena chumba cha baridi. Nilimwomba Salimu aketi mbele yangu kwenye kreti la pili awe dereva.

"Abiria, umeshika vizuri?" akasema. "Ukianguka kwenye kamba na pweza mimi simo."

Nikaketi upande, kizibao kama chako kifuani, feni mbele yetu. Dakika ya tisa goti la kulia lilianza kuuma. Dakika ya kumi na tano ikawa nyonga. Mimi sina ugonjwa, Twaiba, na nilitaka kulia. Mgongo wa Salimu ulinikinga kifua kizima. Moto wote nilioutafuta miezi mitatu nimeupeleka mahali pasipokuwa na baridi.

Tulipotoka Salimu hakunitania. Aliniuliza, "Ni nani huyo anayekaa hivi?"

"Mpwangu."

"Na nani amemwambia akae hivi huko baridini?"

Nilirudi stoo. Nakujibu wewe.

Shajara zangu za zamani zimo sandukuni. Nimeitoa ya mwaka 2014. Nanakili neno kwa neno.

"Alhamisi, 13 Februari. Saa saba mchana nimemkuta Twaiba njia panda nyuma ya pikipiki, amepanda kiume, na sare ya shule. Nimemshusha mbele ya watu. Nimemwambia mtoto wa kike wa nyumba yetu hakai hivyo, leo wala kesho, popote atakapokuwa. Nimemrudisha nyumbani kwa miguu ili akumbuke. Jua kali sana."

"Ijumaa, 14 Februari. Twaiba amelazwa. Maumivu ya miguu na kifua. Ameongezwa damu. Sababu haijulikani."

Ni kurasa mbili zinazotazamana. Ukifunga daftari zinagusana. Ulikuwa na miaka kumi na minne, nilikutembeza kilomita nne juani bila tone la maji, na siku ya pili yake nikaandika kwa mkono huu kwamba sababu haijulikani. Mimi, ninayejua idadi ya vijiko hotelini. Nadhani nilijua. Nadhani ndiyo maana sikuifungua tena shajara hiyo.

Nisamehe. Silisemi ili unijibu upesi.

Jioni ya Ijumaa hiyo nilikwenda kwa mamako. Alikuwa anaosha karai. Nikamweleza yote, njia panda, jua, na unavyokaa huko. Nilingoja anilaumu. Aliendelea kusugua, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyekataza. Mimi sikuulizwa." Nikamwuliza angesema nini kama angeulizwa. Akasema, "Ningesema mtoto afike." Halafu akaingia ndani akatoa baibui lake la kazi, akalipasua kwa mkasi kutoka pindo hadi juu ya goti, mbele yangu, bila kupima. Amelitia kipande cha kitambaa kizito katikati ili litanuke. Limo ndani ya kifurushi.

Limo pia suruali. Hii nimeichagua mwenyewe kwa Issa, na safari hii nilimwuliza mambo ya kuulizwa. Nje inazuia upepo, ndani ina bitana, na kwenye magoti mna vibapa vya joto vyenye betri ndogo kila mguu. Ni ndefu, haipandi mtu akikunja goti. Nimeijaribu juu ya kreti, kwa namna zote mbili za kukaa.

Neno nililolisema njia panda naliondoa. Nililisema mbele ya watu, kwa hiyo Ijumaa nililiondoa mbele ya Salimu na mbele ya mamako, na leo naliondoa kwa maandishi. Panda kiume. Jifiche nyuma ya mgongo wa Samuel.

Limebaki lile la wino wa buluu. Naliuliza, ingawa umenikataza. Nimekwenda Likoni mara mbili nyingine. Mara ya kwanza nilifika dirishani, karani akaniuliza, "Mzee, wa kwenda peke yako au na kurudi na mtu?" Nikarudi nyumbani. Mara ya pili sikufika hata dirishani. Nilitoa ahadi kwa mamako. Siwezi kuivunja kwa kutojua, wala siwezi kuitimiza kwa kubahatisha. Niambie.

Mjomba wako,
Mbwana


Kirima,
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mjomba wangu, shikamoo, na shikamoo tena.

Kifurushi kilifika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Judy alilivaa baibui la Mama kwanza, akazunguka nalo chumba kizima akiimba.

Nakujibu kwa mpangilio unaoupenda. Jumanne, tarehe 17 Juni, nilishuka kwenye pikipiki getini na mguu wa kulia haukurudi. Nilingoja, nikatafuta ile kalamu yangu ya uongo, na maumivu yakapanda hadi kifuani. Samuel alikuwa bado hajageuza pikipiki. Alinibeba mikononi, na lile koti lako akanivika mimi. Nililazwa siku nne, nikaongezwa maji na damu. Shuleni Judy alisema ni homa ya mapafu. Mwanzoni mwa Julai yakarudi, madogo, nikayalalia chumbani siku tatu. Barua ya wino wa buluu niliianzia hapo kitandani.

Ukiniuliza kwa nini niliendelea kukaa upande mahali ambapo hunioni, nilihofu kwamba nikivunja neno lako hata moja utapata sababu ya kunirudisha. Na ile habari ya mwaka 2014, Mjomba, sikujua kwamba hukuzisoma kurasa hizo pamoja. Miaka yote hii nilidhani unajua na umenyamaza kwa makusudi, kwamba ndiyo adhabu yenyewe. Nimelia sana juu ya barua yako, halafu nikalala mpaka asubuhi. Nimekusamehe. Sijakusamehe upesi, nimekaa na barua siku kumi na mbili.

Jumatatu tarehe 25 nilipanda kiume. Nilivaa suruali, na baibui juu, likatanuka kama Mama alivyolikata. Samuel alitazama mbele kwa adabu, lakini akasema, "Madam, leo umekaa kama mtu anayeenda mahali." Kulikuwa na ukungu na nyasi nyeupe. Magoti yalikuwa na joto. Nilipofika nilishuka nikatembea moja kwa moja hadi darasani, sikusimama getini. Nyonga bado inauma jioni, nisikufiche. Daktari anataka ipigwe picha.

Kuna na hili. Jumatano iliyopita nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia mwenyewe nina nini, tangu lini, na kwamba ile ya Juni haikuwa homa ya mapafu. Alinisikiliza. Akaandika kitu kwenye faili langu, akalifunga, akasema, "Asante kwa kuniambia, mwalimu." Sikuona alichoandika. Huenda Oktoba nikathibitishwa, huenda nikaambiwa pole. Sijui, na siku zinakwenda polepole. Lakini nimechoka kuwa mzima mbele ya watu.

Mwambie Mama yote, usimpunguzie. Na ile ahadi, nawaomba nyote wawili mnikabidhi mimi. Usije kunichukua. Si kwamba sitaugua tena. Nitaugua, huu ni mwili wangu nao naujua. Ila nitakuandikia kweli, na mkono ukishindwa nitapiga simu, na kwenye simu sitasema sijambo.

Na siku nitakayosema njoo, Mjomba, usipime kitu. Njoo.

Mpwao,
Twaiba